Ukuta Ulioota Nywele

Wajukuu zangu, ninyi mnaochora kwa udongo, nawaandikia kwa sababu siku ile mliponipeleka Musoma kuona maonyesho yenu niliwaharibia shughuli. Nakumbuka vizuri. Mlikuwa mmepanga chupa za kioo mezani, kila chupa na udongo wa mahali pake: mweusi wa mbugani, mwekundu wa kilimani, mweupe wa kando ya mto. Zilipendeza. Nikatembea polepole nikizitazama mpaka nikafika kwenye chupa iliyoandikwa Kemambo, huko kwetu, nikaona kioo chake kimelowa kwa ndani, kama dirisha ambalo mtu amelipumulia.

Nikasema, "Fungueni kifuniko."

Mkadhani natania. Nikarudia, kwa sauti ambayo nasikia iliwafanya wageni waache soda zao. Binti mmoja akanishika mkono. "Bibi, una nini? Ni udongo tu."

Basi kaeni niwaeleze. Mimi nikianza kueleza sina haraka, lakini nitafika.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kukandika kuta na kuzipamba. Nimekandika nyumba, maghala, madarasa, na banda moja la nguruwe kule Sirari ambalo mwenyewe alitaka lichorwe maua, ili wapita njia wadhani ni duka. Wakati wetu hakuna aliyetuita wasanii. Walituita akina mama wa tope, nasi tuliitika.

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, Wankuru. Nilipoolewa nilidhani udongo ni udongo, tofauti ni rangi tu. Siku ya kwanza alinipa donge akasema, "Lilowanishe kwa mate, ulisokote." Nikasokota mpaka likawa kama mkia wa panya. "Sasa lizungushe kidoleni." Likakatika.

"Huo una mchanga mno, utamwagika kama unga. Ukizunguka bila alama yoyote, una mfinyanzi mno, utapasuka kama kisigino cha mchunga ng'ombe. Tafuta unaopasuka kidogo tu, kama mtu anayetaka kucheka naye yuko msibani."

Hadi leo sijaona kipimo kizuri kuliko hicho. Kijaribuni. Mimi nilikipuuza mara moja, kule Mbalibali, ng'ambo ya mto Mara, nikakandika nyumba ya bwana harusi kwa tope jeusi la mbugani kwa sababu lilikuwa karibu. Kiangazi kilipoingia ukuta ukaachana kiasi kwamba jirani alipitisha mkono akamsalimia bibi harusi kitandani. Niliitwa kurudia kazi. Bwana harusi alinipokea kwa neno moja tu: "Ona."

Udongo mwekundu mzuri hutoka kwenye kichuguu, maana mchwa wameshauchuja kwa niaba yako. Mweupe hutoka kwenye kingo za kijito. Wa kijivu ni majivu. Nyeusi yetu ilikuwa masizi ya vyungu. Ili rangi ishike unaichanganya na maji ya mlenda, yanavutika kama gundi, na unapaka kwa unyoya wa kuku au kijiti cha mkonge kilichotafunwa ncha.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili: udongo wa juu hauendi ukutani. Ukichimba, ule wa juu unauweka kando kwa adabu. Unachukua wa chini, na ukimaliza unaurudisha wa juu mahali pake.

"Wa chini umelala," Wankuru aliniambia. "Wa juu uko macho. Ukimpeleka ukutani aliye macho, atakaa anakutazama."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ninyi mmesoma, mnajua alichomaanisha. Udongo wa juu una mbegu, mizizi, minyoo, samadi, na viumbe visivyoonekana kwa jicho. Ndio unaotulisha sote, nao ni mwembamba kama blanketi la maskini. Ukiuondoa, mlima unabaki uchi. Yote hayo ni kweli. Ila Wankuru alisema "aliye macho", kama mtu anayezungumza juu ya mtu, na nataka mlikumbuke neno hilo.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zilipangwa kwa mistari, vigingi na kamba, chini kwenye tambarare. Zamani tuliishi kilimani, nyumba zikizunguka zizi. Baba mkwe wangu alikuwa amezikwa kule juu, kando ya mlango wa zizi, kama ilivyokuwa desturi ya mji wetu. Wankuru alikuwa wa mwisho kuteremka. Alibeba mafiga yake kichwani, na hakutazama nyuma.

Kule juu pakawa mahame. Nyasi zilikuja upesi. Maboga yaliota pale palipokuwa na vitanda. Miti ya uzio, ambayo tuliichomeka ikiwa mikavu, ikatoa majani. Na ng'ombe wetu, jua likifika utosini, waliacha malisho wakapanda kilima bila mchungaji, wakaingia kwenye zizi lisilokuwepo na kusimama. Wote waligeukia upande uliokuwa mlango. Wakakaa hivyo kimya hadi jua lilipopinda.

Nitaeleza. Ng'ombe hupenda chumvi, na mahali walipokojoa miaka mingi pana chumvi. Lakini chumvi hulambwa, na wao hawakulamba. Walisimama kama wanaosubiri kufunguliwa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Chacha, mtoto wa mdogo wake baba mkwe. Mtu mzuri, mwenye haraka. Alikuwa amewaahidi wakubwa wa wilaya kwamba kijiji chake kitalima shamba la pamoja la mahindi kuanzia kilele cha kilima hadi kijitoni. Trekta likaja, na dereva wake Otieno, kijana wa Kijaluo mwenye maneno mengi. Akaanza na mteremko wa chini, kwa majaribio, akilima kutoka juu kushuka, kwa kuwa ndivyo trekta lilivyokwenda kwa wepesi. Ile mistari ya nyasi ambayo wazee walikuwa wakiiacha kati ya mashamba ikazikwa yote. Udongo mwekundu ukafunguka kama jeraha.

Wankuru akaenda kwa Chacha, nami nikamfuata.

"Chacha, kule juu usilime."

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Kule juu usilime."

"Mama, kule ndiko kwenye udongo mzuri. Wewe mwenyewe ulikuwa unavuna maboga yasiyobebeka."

"Mzuri kwa sababu umeshikwa. Ukiufunua, mvua itauleta mlangoni kwako. Na baba yako mkubwa je? Utamlima?"

"Tutaweka alama. Dereva ataona."

"Na mimi? Nikifa mtanilaza wapi? Kwenye mstari wa mahindi?"

Chacha alikuna kichwa. Hakuwa na dharau, wajukuu zangu, alikuwa amebanwa. "Wageni wanakuja, Mama. Nimeshatoa neno. Mvua za vuli zikilainisha ardhi, trekta linapanda."

Wankuru hakubishana tena. Aliondoka. Kwa hiyo mjue tangu hapa jambo lilikuwa nini: kilima kile, kaburi lile, na nafasi ya mwanamke yule kando ya mume wake.

Siku chache baadaye Chacha akanijia na kazi. "Shemeji Ghati, nipambie ukuta wa ghala, ule unaotazama barabara. Chora kijiji chini, kilima juu, shamba lote, watu na majembe, na trekta. Wageni wakifika waone tunakokwenda."

Nilikandika ukuta vizuri kwa kichuguu, ukakauka, ukapasuka kidogo tu kama mtu aliye msibani. Asubuhi nilipokuwa napanga rangi, Wankuru akatokea na kikapu.

"Nyeusi yako hii," akasema.

Nikatia mkono. Hayakuwa masizi. Ulikuwa udongo mweusi, mwepesi, wenye joto. Ulikuwa na nyuzi za mizizi, vipande vya magamba ya mende, na majivu ya zamani. Niliijua harufu yake kabla sijauleta puani. Ni wa zizini.

"Mama, huu ni wa juu."

"Najua. Nimeuchota mwenyewe."

"Lakini ulinifundisha..."

"Nilikufundisha kukandika. Leo unachora."

Nikadhani ni uzee. Nikautumia. Kilima chote nilikichora kwa udongo ule, na watu wote waliosimama na majembe. Shamba nililipaka wekundu niliouchota kwenye majaribio ya Otieno, kwa kuwa ulikuwa umelala wazi, rahisi kuchukua. Nyumba nilizipaka nyeupe. Maji yalipoisha nikaenda kijitoni, niliporudi nikamkuta Wankuru amesimama ukutani, viganja vyake vyeusi.

"Ulikuwa unafanya nini, Mama?"

"Natazama."

Chacha akaja, akaipenda picha. Otieno alitaka trekta liongezewe moshi. Nikaliongezea.

Kisha vuli ikaanza, na upepo ukawa unapiga mvua moja kwa moja kwenye ukuta ule.

Kwanza ilikuja harufu. Ukipita barabarani kukiwa na manyunyu ulisikia maziwa, moshi wa kuni, na tumbaku. Mimi nilijua tumbaku ile. Hakuna aliyekuwa akivuta ya namna hiyo kijijini tangu baba mkwe alipofariki. Nitaeleza: udongo wa zizi una samadi na majivu, na wazee huangusha tumbaku pale wanapokaa kutazama mifugo. Mvua huamsha harufu. Hilo ni la kawaida.

Kisha Marwa, mlinzi wa ghala, akaja kwangu mchana, kofia mkononi.

"Ghati, umeweka nini kwenye ule ukuta?"

"Udongo. Kwa nini?"

"Niliugonga kuona kama umelowa ndani. Ukanigongea."

"Marwa, umekunywa."

"Sijaonja. Njoo."

Nikaenda. Nikagonga kwa kidole kilichokunjwa. Kukawa kimya, halafu kutoka ndani ya kilima nilichokichora ikaja sauti ndogo, kavu, tk-tk-tk-tk, kama mtu anayegonga fimbo sakafuni. Marwa akanitazama. "Mimi niliajiriwa kulinda mahindi," akasema. "Kulinda watu, hapana." Akahamishia kiti chake upande wa pili wa ghala.

Nitaeleza na hilo. Mchwa askari wakisikia mtikisiko hugonga vichwa vyao kuwaonya wenzao, na samadi inawavuta mchwa. Niliujua ukweli huo siku ile ile. Nilijisemea njia nzima nikirudi nyumbani, na bado nilitembea upesi.

Halafu watu wa kwenye picha wakaota nywele.

Ilianza kama ukungu wa kijani vichwani. Siku zilizofuata zikawa nywele kweli, nyembamba, zilizosimama. Ulikuwa wimbi, yaani ulezi, ule tuliokuwa tukipepeta kando ya zizi. Watu wangu wote wakawa na nywele za kijani, na mvua ikinyesha zilitikisika. Kilima kikaota kama mgongo wa mnyama. Akina mama waliokuwa wanakwenda kijitoni wakaanza kuzunguka njia ya mbali.

Na wekundu ukaanza kushuka. Ule udongo wa majaribio haukuwa na kitu cha kuushika. Mvua ilichora ndani yake mifereji midogo, mifereji ikaungana, na rangi ikateremka juu ya nyumba zangu nyeupe. Ukuta ukaonyesha kijiji kilichofunikwa na tope jekundu, na juu yake kilima cha kijani kisichotikisika, na katikati, trekta la Otieno likiwa limezama hadi usukani.

Siku ambayo trekta lilipaswa kupanda, kijiji kizima kilikuwa mbele ya ghala. Hakuna aliyeita mkutano. Chacha akapenya kati ya watu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mvua, mwanangu," Wankuru akasema.

"Ukwangueni. Leteni jembe."

Jembe likaletwa, likapita mikononi mwa wanaume, kila mmoja akimpa mwenzake kama mtoto anayelia. Mwisho likarudi kwa Chacha. Alisogea. Na alipokaribia, aliona kitu ambacho wengine tulikuwa tumekwisha kukiona tukaogopa kukitaja. Kileleni, mahali ambapo mlango wa zizi ungekuwa, wimbi ulikuwa umeota kwa unene zaidi. Ulikuwa na umbo la mtu mrefu, bega moja chini kuliko jingine, fimbo mkononi. Mimi sikuchora mtu pale. Kileleni nilipaka kilima tu.

"Tata," Chacha alisema kwa sauti ndogo, kwa lugha ya nyumbani. Baba. Yule mzee alikuwa na bega lile lile, aliwahi kukanyagwa na fahali.

Chacha akaacha jembe. Akaweka kiganja kwenye kilima, akang'oa mche mmoja. Ulitoka kwa shida, na mizizi yake ikashika donge zima la udongo, gumu, halikumwagika. Akashika wekundu. Ukamwagika kati ya vidole vyake kama majivu. Akarudia, mche, wekundu, mche, wekundu, mpaka nikamwonea huruma.

Otieno akakohoa. "Mzee mwenyekiti, mimi kule juu sipandi. Trekta ni la serikali, roho ni yangu."

"Nyamaza, mura, kijana wewe," mtu akamwambia, lakini hakuna aliyecheka.

Chacha akamgeukia Wankuru. "Mama, wageni nitawaambia nini? Niliahidi shamba."

"Wape shamba. Tambarare iko wazi, udongo wa kila kilima umeteremkia huko tangu babu zetu. Lima huko. Rudisha mistari ya nyasi pale ulipofunua. Kilima kiache kinywe maji, ndipo kijito kinywe, ndipo wewe unywe."

Chacha akampungia Otieno mkono. Kisha akasema, "Trekta ligeuze."

Wageni walipokuja walioneshwa shamba la tambarare. Mmoja akauliza kwa nini ghala lina ukuta wenye majani. Chacha akajibu kuwa ni mapambo ya kienyeji. Baadaye akaniagiza niufunike ukuta wote kwa udongo mweupe, tabaka nene, nami nikafanya hivyo kwa mkono wangu. Mteremko ule wa majaribio haukupona. Nyasi zilichelewa. Ni lile korongo mnalovuka kwa daraja la miti mkija kwangu. Juu yake kilima bado ni cheusi, na kijito hakijawahi kukauka. Mkitaka kujua udongo una kazi gani duniani, simameni pale daraja lilipo, mtazame juu, kisha mtazame chini.

Nilimuuliza Wankuru mara nyingi. "Mama, ulijua utaota. Na yule mtu kileleni, ulibandika mbegu kwa viganja vyako nilipokwenda kuchota maji. Si ndivyo?"

Alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Nilikuletea udongo. Ulichofanya udongo, uulize udongo."

Nimeamini maisha yangu yote kwamba alibandika mbegu. Ndiyo maana nawaambia kwamba msanii wa kwanza wa udongo niliyemjua ni yeye, kabla yangu na kabla yenu. Sisi wengine tunaupaka udongo tukitaka ukae kimya. Yeye aliuacha useme, akaondoka mbele yake.

Wankuru alifariki baada ya miaka mingi, katika kiangazi. Tulimpandisha kilimani, tukamlaza kando ya mume wake. Ng'ombe walikuja jua likiwa utosini, kama kawaida yao. Siku ile walisimama kidogo, kisha wakashuka, na hawakupanda tena.

Mvua za kwanza zilipofika, Marwa alikuja kunichukua. Alikuwa mzee sasa, akanishika kiwiko. Kwenye ukuta mweupe wa ghala, kileleni, wimbi ulikuwa umepenya. Yule mtu mwenye fimbo alikuwa amesimama pale pale. Hilo naweza kulieleza: mbegu huweza kungoja, tabaka la mweupe hupasuka, mvua huingia.

Kando yake alisimama wa pili, mfupi, ameinama kidogo, kichwani ana kitu kama mafiga.

Pale alipoota huyo wa pili napajua. Nilipaziba mwenyewe. Siku ile Chacha alipong'oa miche, tope lilikuwa limebomoka pale hadi kwenye fito, nami nikapajaza upya kwa udongo wa kijitoni, wa chini kabisa, uliolala. Hapakuwa na mbegu pale. Wankuru hakuwepo kupaka kiganja. Hili sina la kueleza, nami ni mtu ninayependa kueleza.

Kwa hiyo msinikasirikie kwa ajili ya Musoma. Chupa zenu ni nzuri, na mnafanya kazi ambayo sisi hatukuwa na jina lake. Endeleeni. Ila mkichota udongo, ulizeni kwanza ni wa juu au wa chini, na mkiuchukua wa juu, msiuzibie pumzi. Rudini kwenye chupa ile ya Kemambo, mfungue kifuniko, mtie maji kidogo, muiweke dirishani. Halafu semeni shikamoo, mngoje.